Mjusi Aliyebaki Peke Yake

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Masomo: Mithali 30:24-28, Luka 12:6-7, Mwanzo 9:8-17

Twawasalimu ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio safarini, na ninyi mliolazwa hospitalini, mnaoisikia redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili.

Leo twataka kusema habari za mjusi. Twajua ya kuwa wengine watacheka, na huenda mama mmoja aliye jikoni akasema, "Leo wachungaji wamekosa la kuhubiri." Lakini mwenye hekima aliyeandika sura ya 30 ya Mithali hakuona haya kumweka mjusi katika Maandiko. Anataja viumbe vinne vilivyo vidogo lakini vyenye akili nyingi: chungu, wibari, nzige, na wa nne ni mjusi, asiye na nguvu wala silaha, naye hata hivyo huonekana katika majumba ya wafalme. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika buibui mahali hapo, lakini Biblia yetu ya Kiswahili yasema mjusi, na wengi waliosoma Kiebrania wanakubaliana nayo. Sisi kwetu yule wa ukutani, anayekula mbu karibu na taa, tumemwita mjusi kafiri, wala hatukumwuliza kwanza yeye ni wa dini gani.

Mjusi wa leo si huyo wa ukutani. Ni mjusi wa msituni, na kwao ni mbali.

Katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii ipigayo fukwe za Mombasa na Malindi, lakini mbali sana upande wa mashariki, kiko kisiwa kiitwacho Kisiwa cha Krismasi. Kiko kusini ya Java, mwendo wa kilomita zipatazo 350, nacho kimekuwa chini ya Australia tangu mwaka 1958. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 135 tu. Nahodha Mwingereza, William Mynors, alipita karibu nacho tarehe 25 Desemba 1643, akakipa jina la siku ile, akaendelea na safari yake pasipo kushuka. Watu hawakufanya makao huko mpaka mwaka 1888, na baadaye wengi wakaja kwa ajili ya fosfeti, yale madini ya kutengenezea mbolea. Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa cha miti, na ndege wa baharini, na kaa wekundu wasiohesabika, ambao mpaka leo mvua zinaponyesha hutoka msituni kwa mamilioni wakateremka baharini kuzaa.

Mwaka 1887 mabaharia wa Kiingereza walipokichunguza kisiwa hicho walichukua baadhi ya viumbe vyake, vikapelekwa London. Hapo mtaalamu mmoja, George Boulenger, akamtazama mjusi mmoja wa rangi ya kahawia, akaona ya kuwa hajapata kuandikwa katika kitabu chochote, akampa jina la Kilatini, ambalo leo huandikwa Emoia nativitatis. Tafadhali lisikilizeni jina hilo. Neno la pili maana yake ni "wa Kuzaliwa", yaani kule Kuzaliwa tunakokusherehekea kila Desemba. Mtaalamu alilichukua katika jina la kisiwa, wala hakuwa akihubiri. Hata hivyo ndivyo kiumbe hiki kilivyoingia katika vitabu vya wanadamu: mjusi wa Noeli.

Alikuwa mjusi wa kawaida tu. Urefu wake pamoja na mkia wapata shibiri moja. Alikaa chini msituni juu ya majani makavu, akila wadudu, na mahali mti mkubwa ulipoanguka na jua likapenya, hapo ndipo wenziwe walipokusanyika kuota jua. Hakupatikana mahali pengine popote duniani. Lakini kisiwani kwake alikuwa tele. Mwaka 1979 wachunguzi waliandika ya kuwa waliweza kuona zaidi ya 80 karibu na mti mmoja ulioanguka. Wapendwa, 80 kwenye gogo moja! Ni nani angeliketi kuwahesabu? Ni nani angeliandika barua kwa serikali kuomba walindwe? Mtu angelifanya hivyo, angelichekwa kama sisi tunavyochekwa asubuhi hii.

Kisha, katika mwaka 1987, alionekana kisiwani nyoka mgeni. Ni nyoka mdogo wa nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye jina lake kwa Kiingereza lamfananisha na mbwa-mwitu kwa ajili ya meno yake. Chakula chake akipendacho ni mijusi. Kisiwani hapakuwa na nyoka wa namna hiyo tangu mwanzo. Alikuwapo mmoja tu wa asili, kipofu, anayekaa chini ya udongo na kula wadudu wadogo. Kwa hiyo mijusi wale hawakujua kumwogopa nyoka. Mama zao hawakuwa wamewarithisha hofu hiyo, kwa maana haikuhitajika. Walikuwako wageni wengine pia, waliokuja pamoja na watu: panya, paka, tandu wakubwa, na sisimizi wa manjano wanaokwenda kwa makundi makubwa na kuharibu kila kitu. Wataalamu wanapoeleza msiba huu humtaja nyoka kwanza, na hao wengine baada yake.

Hapa twajua ya kuwa mhubiri yeyote atashawishika. Bustani nzuri, jina takatifu, kisha nyoka! Mahubiri yamejiandika yenyewe. Lakini tuwaombe msiharakishe. Nyoka huyu hakuogelea kutoka Asia. Alikuja ndani ya shehena ya meli, katika mizigo ambayo watu waliinunua, wakaipakia, wakaishusha bandarini pasipo kuitazama. Alipofika alifanya alichoumbwa kufanya, yaani kutafuta riziki yake. Hakuna dhambi katika nyoka kula mjusi. Someni tena sura ya 3 ya Mwanzo. Mungu alipouliza, mwanamume alimsingizia mwanamke, na mwanamke akamsingizia nyoka. Mnyama alikuwa wa mwisho katika mstari, hakuwa na mwingine wa kumtupia lawama. Na hivi leo, kiumbe kinapotoweka, bado twapenda kusema, "Ni nyoka." Swali linalofaa ni hili: ni nani aliyefungua kasha?

Wasikilizaji wetu wa Kisumu, Homa Bay na Busia wanaelewa neno hili kuliko sisi. Katika miaka ya 1950 na 1960 samaki aitwaye mbuta alitiwa katika Ziwa Viktoria, ambamo hakuwamo. Alitiwa na watu, na wengine wao walikuwa na nia njema kabisa. Alikua, akaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala fulu, wale samaki wadogo wa aina nyingi sana, hata aina nyingine hazijaonekana tena. Hatusemi ya kuwa mbuta hakuleta faida. Amelipa karo ya watoto wengi, na huenda msikilizaji mmoja alisoma kwa mbuta mpaka chuo kikuu. Twasema tu ya kuwa fulu naye alikuwa na Muumba, na hakuna aliyeketi naye katika mkutano ule.

Turudi kisiwani. Katika miaka ya 1990 waliokuwa wakitembea msituni walianza kuona ya kuwa mijusi wanapungua. Mahali walipokuwa wengi wakawa wachache, na mahali walipokuwa wachache hawakuwapo. Na hapa ndipo habari hii inapotuuma sisi tulio katika Kanisa, maana twaifahamu njia hiyo vizuri. Jambo laonekana. Laandikwa katika taarifa. Taarifa yasomwa katika mkutano. Mkutano waagiza uchunguzi zaidi, kwa kuwa fedha hazitoshi na yako mambo mengine ya haraka. Mwaka wapita. Kila mmoja anayeketi katika kamati ile ni mtu mwema, na hakuna hata mmoja wao apendaye mjusi afe. Katika kisiwa hicho hicho alikuwako popo mdogo, naye akipungua vivyo hivyo. Watu walibishana kwa miaka kama wamkamate ili azae kizuizini. Ruhusa ilipotolewa mwaka 2009, mwezi wa Agosti, wakaenda na vyombo vyao vya kusikilizia sauti za popo usiku. Walisikia sauti ya mmoja tu. Waliposikiliza tena siku zilizofuata, hapakuwa na sauti.

Mijusi wetu wa msituni walikuwa karibu na hali hiyo hiyo. Wachache wakakamatwa, wakawekwa katika vizimba, wakalishwa na kutunzwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini wote waliopatikana walikuwa majike. Watu walirudi msituni wakatafuta dume, wakageuza magogo na majani, wasimpate. Tangu mwaka 2010 hakuonekana tena hata mmoja porini. Wale wa vizimbani wakafa, hata akabaki mmoja. Watunzaji walimwita Gump.

Tumtafakari kidogo mjusi huyu. Katika Mwanzo sura ya 2 Mungu alisema si vema mtu awe peke yake, kisha akamletea Adamu wanyama wote, naye akawapa majina. Huzuni ya Adamu pale ni kwamba kila mnyama alikuwa na wa kufanana naye, ila yeye. Katika kizimba kile mambo yaligeuka. Watu waliomzunguka Gump walikuwa na wake na waume na watoto. Walikwenda nyumbani jioni. Mnyama ndiye hakuwa na wa kufanana naye duniani kote. Hakujua jambo hilo, twadhani. Alikula wadudu wake na kuota joto la taa. Waliojua ni wanadamu, nao walilazimika kumtazama kila siku wakijua.

Ni mwezi wa Januari 2014 tu ndipo aina yake ilipotiwa katika orodha ya sheria ya Australia ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Tarehe 31 Mei 2014 Gump alikufa. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza ya kuwa aina hiyo imetoweka. Tangu siku alipopewa jina huko London mpaka siku ya kifo cha Gump ni miaka 127. Wako Wakristo katika nchi yetu ambao babu za babu zao walibatizwa kabla mjusi huyo hajaandikwa kitabuni.

Mwaka 2018, tarehe 19 Machi, faru mweupe wa kaskazini aliyeitwa Sudan, dume la mwisho la jamii yake, alikufa kule Ol Pejeta katika Laikipia, na dunia nzima ikasikia. Alikuwa amelindwa usiku na mchana na watu wenye bunduki, na magazeti ya nchi nyingi yalichapisha picha yake. Ilikuwa haki kufanya hivyo. Lakini mjusi wa shibiri moja ni nani atakayempiga picha? Wengi wetu tunausikia msiba wake leo kwa mara ya kwanza.

Basi mtu atauliza, na ni swali la haki, "Mchungaji, Mungu ana haja gani na mjusi? Watoto wana njaa Turkana, nanyi mwatuambia habari za mjusi wa Australia?"

Twajibu kwa Luka 12. Katika Injili ya Mathayo Bwana anataja bei ya shomoro: wawili kwa senti moja. Katika Luka bei ni nyingine: watano kwa senti mbili. Akina mama wa sokoni wamekwisha kupiga hesabu. Ukinunua wawili kwa senti moja, basi kwa senti mbili ungelipata wanne. Huyu wa tano ametoka wapi? Huyu ni nyongeza! Ni ile nyanya ndogo ambayo mwuzaji huiokota akaitupa juu ya fungu ili urudi tena kesho. Shomoro wa tano hana bei kabisa. Hakuna aliyemwuza wala aliyemnunua. Na Bwana Yesu, ambaye bila shaka alimwona mamaye akinunua vitu sokoni Nazareti, anasema ya kuwa hata katika hao watano hakuna mmoja aliyesahauliwa mbele za Mungu. Ni kweli, aendelea kusema ya kuwa sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Lakini neno lile la kutufariji lina nguvu kwa sababu lile la kwanza ni la kweli. Kama Mungu amemsahau shomoro wa tano, sisi tumejengea faraja yetu juu ya mchanga. Mtoto wa Turkana na mjusi wa kisiwani hawagombani mbele za Mungu, maana anayewakumbuka ni mmoja.

Tena liko agano. Mara nyingi twahubiri juu ya upinde wa mvua kana kwamba ni barua aliyoandikiwa Nuhu na wanawe tu. Fungueni Mwanzo 9, mchukue kalamu, mpige mstari kila mahali Mungu anapotaja wale aliofanya nao agano. Mtaona ya kuwa ametaja pia kila kiumbe hai, wala si mara moja, bali tena na tena, kama baba anayeogopa ya kuwa mwanawe mkubwa atawasahau wadogo. Mjusi alikuwa mle safinani. Alitoka mlangoni kwa miguu yake minne, na mvua ilipokwisha agano lilimhusu naye. Kwa hiyo aina nzima ya kiumbe inapofutika kwa uzembe wa wanadamu, si hasara ya wataalamu peke yao. Amepungua mmoja wa wale waliotajwa katika agano, na Mungu ajua ni nani.

Watoto wa shule ya Jumapili hutuuliza kama mbinguni kutakuwa na wanyama. Twawaambia wasome Warumi 8, mahali Paulo anaposema ya kuwa uumbaji wote unaugua pamoja nasi ukingojea. Paulo hakutoa orodha ya majina, nasi hatutaitoa.

Lakini habari za Nuhu zina jambo jingine. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, wamsifu kwa sababu aliunda safina alipoonywa kwa mambo yasiyoonekana bado. Alichonga mbao jua likiwaka. Na ni lazima tuseme ya kuwa katika Kisiwa cha Krismasi safina iliundwa kweli, ijapokuwa mjusi wetu hakuiwahi. Walikuwako mijusi wengine wawili wa asili waliokuwa wakitoweka vilevile: mmoja mdogo mwenye mkia wa buluu, na mwingine wa jamii ya wale wanaopanda ukuta, ambaye watu walidhani amekwisha. Katika mwaka 2009 na 2010 watu waliingia msituni wakakamata 66 wa mkia wa buluu na 43 wa yule mwingine. Walichelewa, lakini madume na majike walikuwamo. Wakawajengea vizimba, wakawapeleka wengine Sydney ili ajali moja isiwaue wote. Leo kila aina imepita elfu moja.

Hata hivyo hawawezi kurudi nyumbani kwao wakaishi huru, maana nyoka na tandu wangaliko. Walipojaribiwa ndani ya uzio huko msituni mwaka 2018, tandu waliingia. Basi mwaka 2019 wa mkia wa buluu wapatao 300 walichukuliwa mpaka visiwa vya Cocos, kilomita zipatazo 1,000 kutoka hapo, wakaachiliwa katika kisiwa kidogo kiitwacho Pulu Blan, kisicho na nyoka yule. Wanazaa huko, ugenini.

Wako watu ambao asubuhi hii, tunapozungumza, wanafungua vizimba na kuwapa mijusi wadudu, mmoja mmoja, kama walivyofanya jana. Mshahara wao si mkubwa wala majina yao hayatangazwi. Hatujui kama wanakwenda kanisani. Wanafanya kazi ya Nuhu.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyemwumba mjusi wa msituni kwa namna yake, na kuona ya kuwa ni vema: wakumbuke walio Pulu Blan na walio vizimbani. Wape nguvu wanaowalisha, na wale waliomwangalia Gump mpaka siku ya mwisho uwafariji, kama bado wana huzuni. Wape kusikia upesi wale wanaoketi katika kamati, na wale wanaopokea mizigo bandarini uwape macho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.